Damu ya Waliopona: Tahakiki ya Maandishi ya Jean-Jacques Muyembe Tamfum juu ya Ebola

1. Utangulizi

Katika historia ya elimu ya tiba nchini Kongo ni majina machache yaliyovuma kama jina la Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum. Magazeti yamemwita mgunduzi wa Ebola. Mwezi wa Julai 2019 serikali ilimkabidhi uongozi wa mapambano dhidi ya mlipuko wa Kivu ya Kaskazini. Mwaka huohuo Japani ilimtunukia Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi. Lakini kuvuma ni jambo moja na kusomwa ni jambo jingine. Wengi wanaomsifu hawajapata kufungua ukurasa mmoja wa makala zake. Sababu mojawapo iko wazi: makala hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, zimechapishwa katika majarida ya nchi za mbali, na zimejaa hesabu ambazo msomaji wa kawaida huziona kama ukuta.

Tahakiki hii inakusudia kuzisoma baadhi ya makala hizo kama vile mhakiki anavyosoma maandishi yoyote yale: kwa kuuliza nani anasema, anasema na nani, anathibitisha nini, na ananyamazia nini. Huenda baadhi ya wanafunzi wa lugha wakashangaa kuona jambo la virusi na kingamwili likijadiliwa katika kurasa za taaluma ya Kiswahili. Mshangao huo utapungua ukikumbukwa ukweli mmoja. Jaribio la tiba lililokamilisha swali la Muyembe lilifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, yaani katika miji na vitongoji ambako Kiswahili ni lugha ya soko, ya kanisa na ya foleni ya hospitali. Wagonjwa 681 waliingia katika jaribio hilo. Matokeo yake yalitangazwa kwa ulimwengu kwa Kiingereza. Hapo ndipo pana suala la kuchunguzwa.

Hoja kuu itakayotetewa ni hii: thamani ya maandishi ya Muyembe haimo katika kisa cha ugunduzi wa mwaka 1976, ambacho vyombo vya habari hukipenda mno, bali imo katika swali moja lililoulizwa Kikwit mwaka 1995 na kufuatwa bila kuchoka kwa miaka 24. Aidha, itaonyeshwa kwamba swali hilo limejibiwa kwa sehemu tu, na kwamba sehemu iliyobaki inawahusu watu wa lugha kama inavyowahusu waganga.

2. Yambuku: kuwapo bila kuandikwa

Muyembe alizaliwa mwaka 1942 katika eneo la Bandundu. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Kinshasa, kisha akapata shahada ya uzamivu katika elimu ya virusi huko Leuven, Ubelgiji, mwaka 1973. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1976, alipelekwa Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, ambako hospitali ya misheni ilikuwa inapoteza wagonjwa na wauguzi wake kwa homa isiyojulikana. Alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, akaona kwamba mahali palipochomwa sindano hapakuacha kuvuja, akanawa kwa sabuni na maji, na kwa bahati akanusurika. Ndiye aliyemshawishi mtawa mmoja mgonjwa kusafiri naye hadi Kinshasa. Mtawa huyo alifariki huko. Damu yake ikapelekwa Antwerp, na kutoka hapo jina la Ebola likazaliwa.

Mwezi wa Machi 1977 jarida la The Lancet lilichapisha kwa pamoja makala tatu zilizotangaza kirusi hicho kipya. Makala hizo zilitoka katika maabara za Ubelgiji, Uingereza na Marekani. Jina la Muyembe halimo katika orodha ya waandishi wa makala hata moja. Taarifa ndefu ya Tume ya Kimataifa, iliyotoka katika jarida la Shirika la Afya Duniani mwaka 1978, iliorodhesha wagonjwa 318 na vifo 280, ikaeleza pia jinsi sindano zilizotumiwa tena na tena hospitalini zilivyoeneza maradhi. Ni kazi iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo, ukiisoma historia ya maandishi hayo yote kwa jumla, unaona mpangilio unaofahamika: mwenyeji anatoa damu na njia, mgeni anatoa jina na maelezo.

Kuna mfano mmoja unaogusa moyo. Kirusi kinachotumiwa katika maabara nyingi duniani kama kielelezo cha Ebola ya mwaka 1976 huitwa Mayinga. Hilo ni jina la muuguzi kijana wa Kinshasa aliyeambukizwa na kufariki mwaka huo. Mwanamke huyo aliingia katika elimu ya sayansi, lakini aliingia kama jina la kirusi kilichomwua. Msomaji wa fasihi anajua tofauti kati ya mhusika na msimulizi. Katika maandishi ya 1976 hadi 1978 Wakongo ni wahusika, na kwa nadra sana ni wasimulizi.

Ni rahisi kulifanya jambo hili liwe kesi ya dhuluma na kuishia hapo. Baadhi ya waandishi wa magazeti wamefanya hivyo, na hawakukosa sababu. Lakini mwenye kusoma kazi zilizofuata anaona kwamba Muyembe mwenyewe hakuishia hapo. Hakurudi kudai ukurasa uliopita. Alianza kuandika ukurasa mwingine.

3. Kikwit: makala ya wagonjwa wanane

Mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995 ulipata wagonjwa 315, na takriban asilimia 81 yao walifariki. Watumishi wa afya walikuwa 80 kati ya wagonjwa hao, yaani robo nzima. Mwanzoni ugonjwa ulidhaniwa kuwa wa kuhara damu. Timu ya upasuaji iliyomhudumia mgonjwa mmoja iliambukizwa na kufyekwa. Muyembe alipofika aliutambua ugonjwa kwa kukumbuka yale aliyoyaona Yambuku karibu miaka 20 kabla yake. Damu ya wagonjwa 14 ikapelekwa ng'ambo, na maabara ya Atlanta ikathibitisha mwezi wa Mei kwamba ni Ebola.

Mwezi wa Februari 1999 jarida la Journal of Infectious Diseases lilitoa toleo maalumu juu ya Ebola. Ndani yake mna makala fupi ambayo mwandishi wake wa kwanza ni Mupapa na wa mwisho ni Muyembe. Kwa faida ya wasomaji wa taaluma za lugha, inafaa kueleza kwamba katika maandishi ya tiba nafasi ya majina ina maana yake: wa kwanza ndiye aliyebeba kazi, wa mwisho ndiye aliyeiongoza. Kati ya The Lancet ya 1977 na toleo hili la 1999, Wakongo wamehama kutoka chumba cha wagonjwa hadi kwenye ncha zote mbili za orodha ya waandishi.

Makala yenyewe inaeleza jambo sahili. Mwezi wa Juni 1995, mlipuko ulipokuwa unakaribia mwisho, wagonjwa 8 walitiwa damu ya watu waliokuwa wameugua Ebola wakapona. Damu hiyo ilipimwa na kuonekana kuwa na kingamwili, bila dalili ya kirusi chenyewe. Kati ya wagonjwa hao 8 alifariki 1 tu. Wazo lililo nyuma ya tendo hilo ni la zamani katika tiba: aliyepigana na adui akashinda ana silaha mwilini mwake, na silaha hiyo huenda ikaazimwa.

Linalostahili kusifiwa zaidi katika makala hii si hesabu ya 7 kwa 8, bali ni kiasi cha waandishi wake. Wao wenyewe walisema kwamba sababu ya vifo kuwa vichache bado ilihitaji kuelezwa. Walikiri kwamba wagonjwa hao walitunzwa vizuri kuliko wale wa siku za mwanzo. Wakamaliza kwa kutaka mipango ifanywe ili tiba ya namna hiyo ichunguzwe kwa ukamilifu mlipuko mwingine utakapotokea. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo wa kazi yote iliyofuata. Waandishi wengi humaliza makala kwa maneno ya aina hiyo kama watu wanavyoagana kwa heri ya kuonana, bila kuweka siku ya kuonana. Hapa ahadi ilitolewa ikatimizwa.

4. Pingamizi na uzito wake

Mhakiki mwadilifu hawezi kupita hapa bila kuyasikiliza maneno ya upande wa pili. Katika toleo hilohilo la 1999, Sadek na wenzake waliozifanyia kazi takwimu za Kikwit walionyesha kwamba, umri, jinsia na siku za ugonjwa zikizingatiwa, hapakuwa na ushahidi wa kitakwimu kwamba damu ile iliokoa maisha. Maelezo yao ni mepesi kueleweka. Mgonjwa anayetiwa damu siku ya 10 au ya 12 ya ugonjwa ameshavuka siku ambazo wengi hufa. Kunusurika kwake huenda kulikuwa kumeshaanza kabla ya chupa ya damu kutundikwa. Tena, hapakuwa na kundi la kulinganishia.

Pingamizi hazikuishia hapo. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kingamwili iitwayo KZ52, iliyotolewa kwa mtu aliyepona Kikwit: katika maabara iliikomesha Ebola, lakini kima waliopewa hawakuokoka. Kisha ukaja mlipuko mkubwa wa Afrika Magharibi. Nchini Guinea, utegili wa damu ya waliopona ulijaribiwa, na matokeo yalichapishwa katika New England Journal of Medicine mwezi wa Januari 2016. Wagonjwa 84 waliopewa utegili walilinganishwa na 418 wa kabla yao: vifo vilikuwa asilimia 31 kwa 38, na tofauti hiyo, baada ya kusahihishwa kwa umri na wingi wa kirusi, haikutosha kuitwa manufaa. Ikumbukwe kwamba wingi wa kingamwili katika utegili huo haukuwa umejulikana wakati wa kuutoa.

Kwa hiyo, mtu aliyefunga hesabu mwaka 2016 angeweza kusema kwamba wazo la Kikwit limekwisha. Na wapo waliolisema. Hapa inaonekana tofauti kati ya wazo lililokosewa na wazo lililoulizwa kwa chombo kisichotosha. Damu nzima ni mchanganyiko: ndani yake mna kingamwili kali na mna zilizo dhaifu, na hakuna anayejua kipimo. Swali lililobaki lilikuwa hili: je, ndani ya damu ya aliyepona, kuna kingamwili moja ambayo, ikitengwa na kuzalishwa kwa wingi, itatenda kazi peke yake?

5. Kutoka Kikwit hadi Beni

Jibu lilianza kutafutwa mwaka 2006, miaka 11 baada ya mlipuko, wakati damu ya watu waliopona Kikwit ilipochukuliwa kwa ajili ya uchunguzi nchini Marekani. Kutokana na damu ya mmoja wao ilipatikana kingamwili iliyoitwa mAb114. Makala iliyotoka katika jarida la Science mwaka 2016, ambayo mwandishi wake wa kwanza ni Davide Corti, ilionyesha kwamba kima walioambukizwa waliokoka hata walipopewa kingamwili hiyo peke yake siku 5 baada ya kuambukizwa. Katika orodha ndefu ya waandishi Muyembe yumo, na mwanafunzi wake wa kisayansi, Sabue Mulangu, ni wa tatu.

Ndipo ulipokuja mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Tarehe 20 Novemba 2018, katikati ya vita na vurugu, lilianza jaribio la tiba lililolinganisha dawa nne kwa njia ya kura: ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kazi ilivurugika, lakini haikufa. Mwezi wa Agosti 2019 kamati ya usimamizi ililisimamisha jaribio kabla ya muda wake, kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimewapita wenzake waziwazi. Takwimu zilizochapishwa mwezi wa Desemba mwaka huo ni hizi: kati ya waliopewa ZMapp walifariki asilimia 49.7, remdesivir, asilimia 53.1, mAb114, asilimia 35.1, REGN-EB3, asilimia 33.5. Kwa wagonjwa waliokuja mapema, kirusi kikiwa bado kichache mwilini, vifo kwa dawa mbili za mwisho vilishuka hadi kiasi cha mtu mmoja kwa kumi.

Jina la kwanza katika makala hiyo ni Mulangu. Jina la mwisho ni Muyembe.

Ni hapa ambapo msomaji anapaswa kujihadhari na furaha. Imesemwa mara nyingi kwamba jaribio la 2019 lilithibitisha makala ya 1999. Kauli hiyo si sahihi. Kilichothibitishwa Beni na Butembo ni kwamba kingamwili mahususi, kwa kipimo kinachojulikana, hupunguza vifo. Hakikuthibitishwa kwamba damu iliyotundikwa Kikwit mwezi wa Juni 1995 ndiyo iliyowaokoa wale 7. Hoja ya Sadek bado imesimama. Makala ya 1999 haikuwa jibu. Ilikuwa swali zuri lililoandikwa na watu waliokuwa na ushahidi mdogo na macho makubwa. Kuisifu kwa jibu ambalo haikulitoa ni kuipunguzia heshima yake ya kweli.

Tena, jibu lenyewe lina mipaka. Mwaka 2021 Placide Mbala-Kingebeni na wenzake walichapisha habari ya mgonjwa mmoja aliyekuwa amechanjwa, akatibiwa kwa mAb114 na kupona, kisha baada ya takriban miezi 6 akaugua tena. Kutokana naye ulianza msururu wa maambukizi 91. Kirusi hujificha. Kwamba habari hiyo, inayopunguza sifa ya dawa iliyozaliwa na kazi ya taasisi yao wenyewe, iliandikwa na wanasayansi wa taasisi hiyohiyo, ni ushahidi kwamba urithi wa Kikwit si dawa tu, bali pia ni ile tabia ya kukiri.

6. Athari katika taaluma

Athari ya mtaalamu hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni makala zinazomtaja. Ya pili ni watu anaowaacha. Kwa njia ya kwanza Muyembe hana haja ya kutetewa: haiandikwi historia ya Ebola bila Yambuku na Kikwit. Mapitio yake ya mwaka 2012 juu ya milipuko ya Afrika, ya zamani na ya wakati ule, yamekuwa mlango wa kuingilia kwa wanafunzi wengi. Ameshiriki pia katika kazi zisizohusu Ebola. Mwaka 2010 Anne Rimoin na wenzake, Muyembe akiwemo, walionyesha kwamba mpox ilikuwa imeongezeka takriban mara 20 katika eneo walilolichunguza nchini Kongo, miaka 30 baada ya chanjo ya ndui kukomeshwa. Onyo hilo halikupewa uzito uliostahili. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, na tawi jipya la kirusi lililoleta wasiwasi huo lilikuwa limetambuliwa Kamituga, Kivu ya Kusini.

Lakini njia ya pili ndiyo yenye maana zaidi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya Viumbe mjini Kinshasa, ijulikanayo kwa kifupi cha Kifaransa INRB, ilianzishwa mwaka 1984, na Muyembe alikabidhiwa uongozi wake mwaka 1998. Katika mlipuko wa 2018 hadi 2020, kusoma chembe za urithi za kirusi kulifanywa nchini na Wakongo wenyewe, na makala ya Nature Medicine ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Eddy Kinganda-Lusamaki inaeleza jinsi matokeo yalivyotumiwa papo hapo kufuatilia maambukizi. Muyembe alikuwa ameshaamua kwamba damu iliyochukuliwa katika mlipuko huo ibaki Kongo, na anayetaka kuichunguza aje aichunguze pamoja na wenyeji. Kati ya damu iliyosafiri kwenda Antwerp mwaka 1976 na uamuzi huo kuna maisha ya kazi ya mtu mmoja.

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ni tamu kwa mgeni, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kanuni isiyoandikwa ya utafiti wa maradhi barani Afrika. Kazi ya Muyembe haikuikana methali; wageni walikuja, na bila maabara na fedha zao mAb114 isingepatikana. Iliongeza tu sharti: mwenyeji naye awe miongoni mwa waganguzi.

Sharti hilo, hata hivyo, halijafika kila mahali. Mwaka 2018 haki za kuiendeleza mAb114 zilitolewa na taasisi ya serikali ya Marekani kwa kampuni ya Ridgeback Biotherapeutics ya Florida, na mwezi wa Desemba 2020 dawa ikapata kibali nchini humo. Damu ni ya Kikwit, jaribio ni la Kivu, kibali na kampuni ni vya Marekani. Makala za kisayansi hazilijadili jambo hilo, kwa kuwa desturi ya fani yao haiwapi nafasi. Hicho ni kimya cha kwanza katika maandishi haya.

7. Kimya cha pili: lugha

Kimya cha pili kinahusu maneno. Makala ya 2019 inaeleza kwa usahihi mkubwa vipimo vya dawa, siku za kutoa damu na namna ya kupiga hesabu. Mambo hayo ndiyo yanayotakiwa na jarida. Lakini mwenye kujua Kiswahili cha mashariki mwa Kongo hujiuliza mara moja: ilisemwaje? Mgonjwa wa Mangina, au mama yake, aliambiwa nini kabla ya kutoa ridhaa?

Swali hilo si la anasa. Neno jaribio, ambalo wataalamu wa istilahi wamelipendekeza, hutokana na kujaribu. Na kumjaribu mtu, kwa lugha ya nyumbani, si kumtendea wema. Neno kupima linabeba maabara, mizani na hata kudadisi. Kura inaeleweka na kila mtu aliyeshiriki mchezo wa akiba ya zamu, lakini kuambiwa kwamba dawa ya mtoto wako itachaguliwa kwa kura ni jambo linalohitaji maelezo marefu na mwenye kueleza anayeaminika. Kingamwili ni neno zuri, lililoundwa vyema. Ila nje ya madarasa ni wachache waliolisikia. Na juu ya yote kuna damu. Katika pwani ya Afrika Mashariki zimesimuliwa hadithi za mumiani, na Katanga wazee wamesimulia za batumbula. Zote ni habari za watu wanaokamatwa na kunyonywa ili wengine wanufaike. Mwanahistoria Luise White alionyesha mwaka 2000 kwamba hadithi za aina hii si ujinga, bali ni njia ya watu kueleza uhusiano wao na mamlaka. Mtafiti anayekuja na sindano katika mji uliochoshwa na mauaji anaingia ndani ya hadithi hizo, apende asipende.

Mwaka 2019 shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha ya mawasiliano juu ya Ebola huko Goma na Beni. Lilikuta kwamba matangazo ya Kifaransa, na hata yale ya Kiswahili sanifu, yalieleweka vibaya au kwa shida, na kwamba watu walitaka Kiswahili chao wenyewe na maelezo ya kina badala ya amri. Neno riposte, ambalo ni la Kifaransa lenye harufu ya vita, lilikuwa jina la timu za afya midomoni mwa watu. Mtu asishangae basi kwamba baadhi yao waliwapokea wahusika wa riposte kama watu waliokuja vitani.

Ni haki kusema kwamba Muyembe hakulipuuza jambo hili katika vitendo. Tangu Kikwit alisisitiza kushirikisha jamii, na katika Kivu waliopona walipewa kazi ya kuwalea watoto wa wagonjwa na kuzungumza na familia. Waliopona hao walikuwa tafsiri iliyo hai: hawakuhitaji istilahi ya kueleza kingamwili, kwa sababu walisimama mlangoni wakiwa wazima. Lakini katika makala, mchango wao umebaki katika shukrani au haumo kabisa. Elimu waliyoizalisha, yaani namna ya kusema jambo gumu kwa Kiswahili cha Beni na Butembo likaaminika, haikuandikwa popote kwa utaratibu. Kila mlipuko unapotokea, kazi hiyo huanzwa upya.

Lawama kwa hili haiwezi kuwekwa juu ya bega la mtaalamu wa virusi. Idara za Kiswahili zina sehemu yake. Wataalamu wa istilahi wamejadili kwa miaka mingi iwapo iandikwe kirusi au virusi, na mjadala huo una maana. Lakini ni wachache waliokwenda kusikiliza muuguzi wa Katwa alikuwa anasemaje saa nane za usiku. Makala kama ile ya Mulangu na Muyembe inaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili kizima, pamoja na jedwali zake, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza akafanya hivyo kama kazi ya mwaka. Matatizo yatakayomkuta katika sentensi kumi za kwanza yatamfundisha mengi kuliko orodha ya istilahi elfu.

8. Hitimisho

Yakipimwa kwa jumla, maandishi ya Muyembe juu ya Ebola yana nguvu tatu na pengo moja. Nguvu ya kwanza ni uvumilivu wa swali: sentensi ya mwisho ya makala ya 1999 ilipata jibu mwaka 2019. Ya pili ni unyofu: udhaifu wa ushahidi wa Kikwit ulitajwa na wenyewe, si na wapinzani peke yao. Ya tatu ni uzao: orodha za waandishi zimebadilika, na vijana wa Kongo wanaandika leo kama wasimulizi. Pengo ni kwamba elimu hiyo yote, iliyotoka katika damu ya watu wa Kikwit na kupimwa kwa wagonjwa wa Kivu, haijarudi kwao katika lugha wanayoisoma.

Tarehe 4 Septemba 2025 mlipuko mwingine wa Ebola ulitangazwa Bulape, katika Kasai, na mAb114 ikapelekwa huko. Hapo lugha ni nyingine, na wataalamu wa Kiciluba na Kikuba watakuwa na la kusema. Katika mashariki, ambako misitu na vita bado viko pale vilipokuwa, kazi ni ya watu wa Kiswahili. Dawa ipo. Kinachosubiriwa ni maneno ya kumweleza mama, kabla mlango wa kituo haujafungwa, kwamba dawa hiyo ilitoka katika mwili wa Mkongo mwenzake aliyeugua vilevile akapona.